Gharama ya Kusikiliza

Mkunga wa Kabanga, huko Kasulu, akitaka habari za mtoto aliye tumboni, huegemeza sikio kwenye pembe iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Huomba chumba kinyamaze, kisha huhesabu dakika nzima, akitarajia mapigo kati ya 110 na 160. Mtoto hafanyi jitihada yoyote ili asikike. Kazi yote ni ya msikilizaji.

Mafundi wa redio wamefika hapohapo kwa njia ndefu. Redio ya mwanzo ilikuwa ya cheche: mwaka 1901 Guglielmo Marconi alivusha ishara ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo iliyotapakaza mawimbi kwenye masafa mapana, na vituo vya namna hiyo vikawa vinakatizana. Baadaye cheche zikapigwa marufuku. Mwaka 2002 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu tena masafa mapana, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6, kwa sharti la unyenyekevu: nguvu yote isifike hata miliwati moja.

Sharti hilo linaafiki vizuri virusha mawimbi vya kuvaliwa mwilini. Kihisi kilichobandikwa kifuani hutoa mpigo wa muda usiotimia nanosekunde moja au mbili, kisha hulala hadi zamu ya mpigo ujao. Ndiyo maana betri ndogo hukitosha. Lakini mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Kinachofika kwenye kipokezi kilicho mgongoni ni masalia yaliyoambaa juu ya ngozi, yaliyozama chini ya kelele. Ili kuyapata, kipokezi hicho hulazimika kujua wakati hasa wa kusikiliza, kukusanya mipigo mingi na kuipambanua. Kwa kawaida hicho ndicho kinachokula umeme zaidi. Gharama haikufutwa, ilihamishwa kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji.

Hapo naona jambo linaloupita ufundi. Tumezoea kumhimiza mnyonge apaze sauti, kana kwamba kutosikika ni uzembe wake. Mgonjwa ndiye mwenye nguvu chache kuliko wote wodini; kumdai sauti ni kumtoza asichonacho. Mzigo wa kusikia umwangukie mwenye nguvu.

Yuko atakayesema kwamba mashine ikisikiliza, nesi atapumzika. Nakubali nusu. Kipokezi huuokoa mpigo kutoka kwenye kelele, lakini hakijui kwamba mapigo 90 ya mtoto yanamtaka mtu ainuke. Namba hiyo ikibaki kwenye skrini, kwa fundi mawasiliano yamekamilika, ilhali kwa mama hayajaanza. Maana huzaliwa pale aliyesikia anapokubali kugharamika. Basi siku kifaa cha namna hii kikiletwa Kabanga, kabla ya kuuliza betri yake inadumu siku ngapi, tuulize zamu ya usiku ina watu wangapi wa kuitika.