Kabla ya Kupiga Picha, Uliza Jina

Andiko: Mwanzo 16:1-13



Sebastião Salgado alikuwa mwanauchumi. Alizaliwa Brazili mwaka 1944, akatoka kwao 1969 wakati wa utawala wa kijeshi, akaenda Ufaransa. Mwaka 1973 aliacha kazi yake katika shirika la kimataifa la kahawa kule London, akashika kamera. Mimi niliyesomea biashara najua hesabu hiyo si rahisi. Baadaye alizunguka nchi nyingi akipiga picha za watu waliohamishwa na vita na umaskini, na mwaka 2000 akazitoa kwenye kitabu.

Mwandishi Mmarekani, Susan Sontag, alimkosoa: maelezo ya picha zile hayataji majina ya watu. Mtu maarufu akipigwa picha, jina linaandikwa. Mkimbizi anabaki tu "mkimbizi".

Mwanzoni nilimtetea Salgado. Si picha ndiyo inaamsha huruma, na huruma inaleta chakula? Halafu nikakumbuka siku tulipopeleka unga kwa watu waliohamishwa na mafuriko. Nilimpiga picha mama mmoja akipokea pakiti yake, nikaituma kwa makundi ya WhatsApp. Watu walichanga vizuri sana. Lakini yule mama aliniita kando: "Pasta, umenipiga picha mara tatu na hujaniuliza naitwa nani."

Sikuwa na jibu.

Rudi kwa Hajiri. Sarai anasema "mjakazi wangu", Abramu anasema "mjakazi wako". Hakuna anayemtaja jina. Anatoroka jangwani, Mmisri, mjamzito. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa Bwana, tena anamwuliza ametoka wapi na anaenda wapi. Ndipo Hajiri anamwita Mungu yule anayeona.

Kwa hivyo, wapendwa, tusiache kupiga picha. Kuna msaada hauji bila picha. Wala si kila jina litangazwe, maana mwingine anajificha na jina litamletea hatari. Lakini uliza kwanza. Akikataa picha, bado mpe unga. Na hata jina lake lisipoandikwa popote, wewe lijue.

Wiki hii tuanzie karibu. Yule mlinzi wa ploti yenu, na yule jirani aliyehamia juzi na mkeka na watoto, anaitwa nani? Alitoka wapi?

Nenda ukamwulize. Mungu awabariki.