Chombo Kimoja na Jina Zima

Imekuwa ada katika miji yetu: mtu akiharibikiwa na kompyuta huapa barazani kwamba jina lile lote ni bovu, wala asilinunue mtu. Je, huo ni uadilifu?

Natumfikirie mwenye duka la kuchapa barua huko Ngoliba, upande wa Thika, aliyeweka kazi za wateja wake katika diski, nayo ikafa kabla ya mwaka. Hasara yake ni ya kweli. Asiponunua tena jina lile hana lawama, fedha ni zake. Lakini kujiepusha ni jambo moja na kushuhudia mbele za watu ni jambo jingine. Yeye ameona diski moja tu. Huenda umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Huenda chombo kilikuwa kikuukuu, kimekwisha kufunguliwa na mafundi asiowajua. Na kiapo chake kinamfikia jirani auzaye kompyuta hizo, ambaye hakuunda hata msumari wake.

Mwaka 2000 kampuni ya IBM ilitoa diski zilizoitwa Deskstar 75GXP. Nyingi zikafa upesi, hata watu wakazipa lakabu ya mauti, na mwaka 2001 wanunuzi wa Marekani wakaishitaki kampuni. Walilalamikia aina waijuayo, na haki yao. Baadaye kazi hiyo ya diski ikauzwa kwa Hitachi, na jina la Deskstar likabaki. Mwaka 2014 kampuni ya Backblaze, ihifadhiyo mafaili ya watu, ikatangaza hesabu ya diski zake zaidi ya 25,000: za Hitachi, Deskstar zikiwamo, zilikuwa katika zilizodumu zaidi. Na katika hesabu hiyo hiyo, diski za Seagate za aina moja zilikufa mara nyingi kuliko za aina nyingine. Basi aliyeapa mwaka 2001 kutoigusa Deskstar maisha yake, alikihukumu chombo au herufi zilizoandikwa juu yake?

Atasema mtu: mimi sina diski 25,000, ninayo moja. Naam, na aeleze hiyo moja: aina yake khasa, mwaka alioinunua, ilikuwa mpya au kuukuu, na ilikufaje. Kumi wakieleza hivyo, mnunuzi wa kumi na moja amepata la kushika. Wakisema tu "takataka", hakupata ila ghadhabu zao.

Na yule asifuye jina kwa kuwa kompyuta yake imedumu miaka kumi, mbona hatumwulizi neno? Naye pia ameona moja.