Kichochoro cha Watu

Soko la Nishiki, Kyoto, ukinunua pweza mdogo aliyejazwa yai la kware kichwani, unamla papo hapo kibandani. Kula ukitembea hawapendi. Hiyo ni adabu tu, sina neno.

Gion ndiyo ilinifikirisha. Tangu 2024 vichochoro vya binafsi pale vimefungiwa watalii, bango linataja faini ya yen 10,000, maana wageni walikuwa wakiwaandama mageisha na simu. Mkenya mwenzangu akanung'unika: si tumelipa nauli? Tumelipa, ndio. Lakini yule dada anayekimbilia kazini hakuona hata yen moja. Na hata angeiona, uso wake unauzwa? Kibera nako mzungu husimama na kamera mlangoni kwa mama anayefua. Bango la faini sijaliona huko.