Je, Kuwa Sawa Ni Kufanana?



Jumapili moja, baada ya darasa la Kipaimara, kijana mmoja alinijia akaniuliza: "Mwalimu, Katiba ya Kenya yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mbona basi Waislamu wana Mahakama za Kadhi, nasi hatuna zetu?"

Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2010. Viongozi wengi wa makanisa walituhimiza tuikatae Katiba mpya, na mahakama hizo zilikuwa mojawapo ya sababu. Tarehe 4 Agosti nilipiga kura nyekundu, ya La. Katiba ikapita. Sijuti kwamba nilifuata dhamiri yangu. Najuta kwamba sikuwa nimekisoma kifungu chenyewe.

Basi na tukisome. Kifungu cha 170 champa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, basi. Tena wote wanaohusika sharti wawe Waislamu, na wawe wamekubali kuhukumiwa naye. Mkristo hawezi kuburutwa huko. Wala si jambo jipya. Mwambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliposhika utawala wake mwaka 1895 mahakama hizo ziliachwa ziendelee. Oktoba 1963 Mzee Kenyatta aliandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, akiahidi kwamba zitalindwa, na mwambao ukawa sehemu ya Kenya. Ahadi uliyowapa wachache ulipohitaji kibali chao, je, yaweza kufutwa haja ikiisha kwa kuwa wewe u wengi?

Kumbukeni Matendo ya Mitume, sura ya sita. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia kwamba sisi sote tu wamoja, kwa hiyo waache kunung'unika. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia jambo hilo, na ukiyatazama majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. (Niliisoma sura hiyo kwa miaka mingi bila kuyatazama majina!) Walionung'unika ndio waliokabidhiwa meza.

Lakini liko jambo linalonisumbua bado. Kifungu cha 24 chapunguza haki ya usawa kwa kadiri inayohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi. Katika sheria hiyo binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Kundi dogo limelindwa. Je, aliye mnyonge ndani ya kundi hilo atalindwa na nani? Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo. Viongozi kadhaa wa Kiislamu walipinga, wakiona kwamba mahakama imeingia ndani ya dini yao.

Mimi naona mtoto alitendewa haki, kwa kuwa hakuchagua kuzaliwa hivyo. Hata hivyo nalisema kwa woga. Mimi ni wa kundi kubwa, na ni rahisi sana kwa kundi kubwa kufagia nyumba ya jirani. Huku kwetu bara Sheria ya Urithi haitofautishi mwana na binti. Lakini ni mabinti wangapi wa Kikristo, waliobatizwa katika makanisa yetu, wamenyimwa shamba na ndugu zao, na hakuna Kadhi aliyehusika?

Nilipomweleza kijana yule haya yote, alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza dada zake wawili watapata nini katika shamba lao. Nilimwambia akamwulize baba yake, angali hai.