Je, Mtoto Ana Deni la Kushinda Mtihani?

Katika nchi yetu ya Kongo mwanafunzi akimaliza mwaka wa sita wa masomo ya sekondari hufanya mtihani wa Serikali. Mtihani huo ulianza mwaka 1967. Sehemu yake kubwa hudumu siku nne, na anayepata nusu ya alama hupewa diploma. Mnajua furaha ya siku ile matokeo yanapotangazwa: aliyeshinda humwagiwa poda nyeupe kichwani, na jamaa zake humwimbia njiani. Lakini katika nyumba ya pili mlango umefungwa, na kijana amelala kifudifudi, hataki kuona mtu. Leo tutazame habari za huyo.

Miezi mingi kabla ya mtihani moyo wake ulikuwa umekwisha kulemewa. Baba aliuza mbuzi kwa ajili ya minervali, mjomba akaongeza, shangazi akatoa fedha za mihogo yake. Kila mmoja alimwambia: «Mwanangu, sisi sote tunakutazama wewe.» Maneno hayo yalitoka katika upendo, walakini mtoto aliyasikia kama maneno ya mdai. Binti hulemewa zaidi: jioni huteka maji, hutwanga, hupika, na anaposhika daftari taa imekwisha mafuta, tena pengine ameambiwa kwamba akishindwa ataozwa.

Basi tuulize: je, mtoto ana deni kwa wale waliomlipia? Ndiyo, analo. Anadaiwa shukrani, na bidii, na unyofu, yaani asiibe majibu wala kununua alama. Vitu hivyo vimo mikononi mwake. Bali kushinda hakumo mikononi mwake peke yake. Huenda mwalimu wa hesabu alikosekana nusu ya mwaka kwa kuwa hakulipwa mshahara. Huenda malaria ikamshika mtoto asubuhi ile ya mtihani. Je, ni haki kumdai mtu kitu kisichokuwa katika uwezo wake? Si haki, hata kama mdai ni baba mzazi.

Wako watakaosema: «Tukimwondolea hofu atakuwa mvivu.» Neno hilo si upuzi. Hofu kidogo humwamsha mtu, akashika kitabu badala ya kuzurura. Lakini ikizidi, mwili hujitayarisha kama wa mtu aliyeona nyoka: moyo hupiga mbio, tumbo husokota, jasho hutoka, miguu hutaka kukimbia. Mbele ya nyoka mambo hayo yafaa sana. Mbele ya karatasi hayafai kitu, kwani akili inayotafuta njia ya kukimbia haikumbuki kanuni za hesabu. Naye anayekesha usiku kucha ili ajifunze zaidi hujipunja, maana ni katika usingizi akili huyaweka imara yale iliyojifunza mchana. Mzazi anayemzimia mtoto taa mapema humsaidia kuliko yule anayemfokea.

Tena liko jambo zito. Kijana akiacha kula, akikosa usingizi juma baada ya juma, au akisema afadhali afe, asichekwe, wala asiambiwe kwamba amerogwa. Mtu mzima anayempenda aketi naye, asimwache peke yake, ampeleke kwa mwuguzi katika kituo cha afya siku ile ile.

Na baba yule aliyeuza mbuzi, atamwambia nini mwanawe usiku wa kuamkia mtihani? Akisema, «Umekwisha kufanya kazi yako, sasa ulale,» hampunguzii bidii hata kidogo; bidii ya mwaka mzima imekwisha kufanyika, na usiku mmoja hauiongezi. Na kijana akishindwa, mtihani huo hurudiwa mwaka unaofuata. Hupokea hata watu wazima wanaojisomea nyumbani, na wengine wao wana wake na watoto.