Walihesabu Magogo Tu

Mwishoni mwa miaka ya 1970 matrekta ya kuburuta magogo yalipanda milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Magogo yakateremshwa hadi Tanga mjini, kiwanda cha Sikh Saw Mills, ambacho wakati huo kilikuwa mali ya umma chini ya TWICO, shirika la taifa la viwanda vya mbao. Mitambo na wataalamu walitoka Finland kama msaada wa maendeleo. Finland ni nchi iliyotajirika kwa misitu na inayoijua kazi hiyo. Hakuna aliyepanda mlima kwa nia ya kuharibu, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kusimuliwa. Mwizi wa magogo hukimbizwa na askari wa misitu, lakini mpango wenye mihuri yote hufunguliwa geti.

Kilichohesabiwa kilihesabiwa vizuri: ujazo wa miti mikubwa, mtambara na mvule, na mbao ambazo taifa lilizihitaji. Mteremko haukupewa uzito unaostahili, na trekta likaingia mahali ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Maji nayo yalisahauliwa. Mto Zigi unaanzia kwenye milima hiyo, unaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayoinywesha Tanga.

Kosa lililojificha zaidi lilikuwa la kuamini kwamba msitu ukikatwa unarudi ulivyokuwa. Kwenye misonobari ya Ulaya ya kaskazini imani hiyo ina msingi, maana aina za miti ni chache na unapokata msonobari huota msonobari. Usambara ni mambo mengine. Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, waliotesha miti kutoka pande nyingi za dunia ili kuijaribu. Miongoni mwa miti iliyoletwa Amani katika karne ya ishirini ni Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi. Hukua haraka, hupenda mwanga, na tunda lake hupendwa na hondohondo. Ndege huyo mwenye domo kubwa hula huku, huruka kwa kelele za mabawa, kisha huziangusha mbegu kule. Trekta lilipofungua paa la msitu, mwanga uliingia hadi chini, na musizi ukaota palipokuwa na mtambara. Ukiutazama mlima kutoka barabara ya Muheza utauona wa kijani na utaondoka umeridhika. Hata leo wapo wanaopima misitu ya dunia kwa picha za setilaiti tu, nao huridhika vivyo hivyo.

Lawama zilipanda, Tanzania na huko Finland kwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 ukafanyika uchunguzi mpya wa msitu, na safari hii waliingia pia wanaojua vyura, ndege na mimea. Kabla ya muongo kwisha, uvunaji wa mitambo ulikuwa umesimamishwa. Mfadhili aliyeleta misumeno akaanza kulipia uhifadhi. Tumsifu kwa kugeuka, maana wafadhili wengi hufunga virago tu. Mwaka 1997 ukatangazwa Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wa kwanza wa aina yake nchini, na mwaka 2000 UNESCO ikaiweka Usambara Mashariki kwenye orodha yake ya hifadhi za biosfia. Wengi huishia hapo na kupiga makofi.

Bado kulikuwa na Derema. Ni ukanda wa msitu unaounganisha vipande vya hifadhi, usiofika hata hekta elfu moja, na ndani yake watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakilima iliki. Asiyeijua iliki hudhani matunda yake yananing'inia kama ya mbuni. Hayako hivyo: vikonyo vyake hutambaa chini kwenye shina, na mchumaji hushinda ameinama akitenganisha majani yenye umande na kuchuma punje moja moja. Mmea huo hutaka kivuli na ukungu. Kwa hiyo mkulima hufyeka vichaka vya chini na kuacha miti mikubwa isimame. Miaka ikipita ardhi huchoka, miche ya msitu haipo tena, na baadaye huja migomba na mahindi. Wahifadhi hawakukosea kuogopa.

Lakini hesabu ikarudi kuwa ya upande mmoja. Mipaka ya hifadhi iliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mimea ya wakulima zaidi ya elfu moja ikahesabiwa ili waondoke kwa fidia, kisha wakaambiwa wasubiri. Fedha hazikuwa zimekamilika. Kwa kuwa fedha za Benki ya Dunia zilihusika, sera yake ya kuhamisha watu ilidai viwango bora vya fidia, na kwa hilo sera ya kimataifa iliwafaa wanyonge. Hata hivyo malipo yalifika kwa awamu, miaka kadhaa baadaye. Miaka hiyo mtu hawezi kulima shamba lake wala hana fedha za kununua jingine, na ada ya shule haingoji awamu. Ardhi ya kufidia ilitafutwa bondeni, Kibaranga, kwenye shamba la zamani la mkonge. Bondeni kuna joto, na iliki haioti kwenye joto la mkonge.

Ninayasema haya kwa sababu wageni wa sasa hawaji na msumeno, wanakuja na mikataba ya kaboni. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na vijiji vyenye misitu vinafuatwa. Karatasi zinazoletwa zimejaa tani, kama zile za zamani zilivyojaa mita za ujazo. Halmashauri ya kijiji inayoitishwa mkutano ina haki ya kuuliza yasiyoandikwa humo. Nani analima ndani ya mpaka unaochorwa, na jina lake liko wapi? Atalipwa kabla ya jiwe la mpaka kuwekwa au baada yake? Shamba la kufidia liko kwenye hali ya hewa ipi? Mkataba ukivunjika mwaka wa kumi, msitu unabaki wa nani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala ibaki kijijini.