Mtu Mmoja Katika Namba Kubwa

Sensa iliyofanywa nchini mwetu mwaka 2022 ilitoa namba hii: watu 61,741,120, Bara na Zanzibar pamoja. Namba za ukubwa huu hutamkwa na ulimi, moyo usione kitu.

Tarehe 23 Agosti ya mwaka huo nilikuwa Ukonga kwa jamaa zangu, karani wa sensa alipobisha hodi. Nyumba ya jirani mtoto alikuwa amezaliwa alfajiri ile. Karani alieleza kwa adabu kuwa huhesabiwa waliokuwapo saa sita ya usiku wa kuamkia siku hiyo, mtoto hakuandikwa. Nyanya yake akauliza, "Mjukuu wangu, huyu si mtu?" Karani akatahayari. Sisi wengine tulicheka, tukasema mmoja si kitu katika mamilioni.

Je, si kitu? Baadaye, matokeo yalipotangazwa, niliipasua namba ile kama seremala apasuavyo gogo. Ni shufwa: hugawanyika kwa 2 mara sita mfululizo, kisha kwa 5, kwa 7, kwa 43, na mwisho hubaki 641, namba tasa isiyogawanyika tena. Hiyo 641 ina sifa yake katika elimu ya hesabu. Fermat, Mfaransa, alidhani kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa 641 huigawanya pasipo baki. Bingwa yule alipotoshwa na kigawo kidogo ambacho hakukiona.

Sasa mwongeze mtoto wa Ukonga. Namba huwa 61,741,121. Shufwa imegeuka witiri. Si 5, si 7, si 43, wala 641 inayoweza kuigawanya. Kila moja huacha baki ya 1. Wala hii si bahati, kwa kuwa namba mbili zifuatanazo hazishiriki kigawo chochote ila 1. Mtoto asiyepewa jina bado amewafukuza wagawanyi wote.

Lakini hoja hii ni tamu kupita nguvu zake. Mbuzi mmoja akiongezwa zizini, hesabu hufanya vile vile. Hesabu haimjui mtoto, huijua moja. Na moja zote ni sawa. Katika usawa huo mna haki ambayo hata salamu zetu hazina: waziri na mfungwa wa Gereza la Ukonga wana uzito mmoja katika jumla ile. Mna ukatili pia, maana jumla haina jina la mtu.

Karani hakukosa. Pasipo mpaka wa saa, hesabu haina mwisho. Tuliokosa ni sisi tuliocheka, kwa kuifanya kanuni ya kuhesabu kuwa kipimo cha thamani, jambo ambalo kanuni yenyewe haikudai kamwe.

Nyanya hakungoja jibu letu. Mtoto alilia chumbani, naye akaingia ndani.